Jina la Mtu na Jina la Daftari: Historia ya Kanuni za Majina ya Kuingilia Katika Kompyuta

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alipata kwenda Same, makao makuu ya wilaya yaliyo chini ya Milima ya Upare, kusaidia kusoma tafsiri ya mwongozo mfupi wa matumizi ya kompyuta uliokusudiwa watumishi wa ofisi moja ya umma. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na tulidhani kwamba ingemalizika asubuhi moja. Ilipofika zamu ya karani mmoja, mtu wa makamo aliyehamia huko kutoka Usukuma, kuandikishwa katika mtambo, aliandika jina lake la ukoo kama alivyoliandika tangu shule ya msingi, yaani kwa kuanza na *Ng'* yenye ritifaa yake. Mtambo ukalikataa, ukatoa maneno ambayo sisi wenyewe tuliyafasiri na kuyapitisha: "Jina la mtumiaji si halali."

Karani alitugeukia akauliza kwa upole: "Ndugu afisa, hili ni jina la babu yangu. Halikuwa halali tangu lini?"

Swali hilo halikuwa la mzaha, wala hatukuwa na jibu la haraka. Tulijua kwamba mtambo ulikuwa na kanuni zake, lakini hatukujua zilitoka wapi, na hatukuwa tumejiuliza iwapo maneno tuliyoyachagua yalizieleza kwa haki. Makala haya yanakusudia kulijibu swali la karani yule kwa sehemu mbili. Kwanza yataeleza historia ya kanuni zinazoamua ni mfuatano gani wa herufi unaoweza kuwa jina la kuingilia katika mitambo ya Unix na jamaa zake. Kisha yatatazama istilahi tunazotumia kuzieleza kanuni hizo kwa Kiswahili. Kwa kuwa swali liliulizwa Same, tutaanzia huko huko, maana watu wa milima ile waliyajua mambo ya majina na madaftari zamani kabla kompyuta haijazuliwa.

Daftari lilipofika Upare

Wenyeji wa Milima ya Upare hujiita Vasu, na lugha yao huiita Chasu. Upande wa kaskazini, huko Ugweno, kuna pia lugha ya Kigweno. "Wapare" ndilo jina lililozoeleka kwa watu wa nje, na ndilo lililoingia katika madaftari ya serikali. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na tofauti kati ya jina ambalo watu walijiita na jina ambalo daftari liliwaita.

Jina la ukoo katika Upare halikuwa alama tu ya kumtenga mtu na mwenzake. Lilibeba historia. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, alionyesha jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyotawala Ugweno hata wakaondolewa madarakani na Wasuya. Mtu aitwaye Mshana au Msuya hubeba katika jina lake kumbukumbu ya mambo hayo, apende asipende. Ndivyo ilivyo kwa Msangi, Mmbaga, Mfinanga na wengine wengi.

Madaftari ya serikali yalikuja na kodi. Utawala wa Kijerumani ulianzisha kodi ya vibanda mwaka 1898, na mtoza kodi hana budi kuwa na orodha. Mishenari nao, Walutheri wa Leipzig pamoja na Waadventista, walikuwa na orodha zao za ubatizo na za shule. Mmoja wao, Ernst Kotz, alitoa kitabu cha sarufi ya Chasu huko Berlin mwaka 1909. Katika orodha zote hizo karani aliandika alichokisikia, kwa tahajia aliyofundishwa. Matokeo yake twayaona hata leo. Chukua jina Mmbaga. Kwa mujibu wa ngeli, mtu mmoja ni *M-mbaga* na wengi ni *Wa-mbaga*. *M* ya kwanza ni silabi kamili. Lakini karani asiyeisikia silabi hiyo huandika "Mbaga", ambalo ni jina la mahali. Basi mtu mmoja hutokea kuwa Mmbaga katika cheti cha kuzaliwa na Mbaga katika cheti cha shule, na anapofika umri wa kustaafu hulazimika kuapa mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja.

Kuna jambo moja zaidi katika historia ya Same ambalo kila mtunga istilahi angepaswa kulijua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watawala wa Kiingereza pamoja na watemi waliamua kuanzisha Upare kodi mpya iliyopimwa kulingana na mali ya kila mtu. Kodi hiyo walihitaji kuipa jina, nao wakachagua neno *mbiru*, ambalo ni jina la ushuru ambao watu wa zamani waliwapa watawala wao. Bila shaka ilitumainiwa kwamba neno la kale lingekifanya kitu kipya kionekane kuwa cha asili. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, na mgogoro huo ulidumu hadi mwaka 1947, kodi hiyo ilipokuwa imeondolewa. Hoja yao haikuwa kukataa kila kodi. Walikataa namna ile ya kupimiwa mali. Lakini neno *mbiru* halikuisaidia kodi hiyo hata kidogo, kwani watu walijua vema mbiru ya kweli ilikuwa nini, wakaona kwamba hii siyo. Jambo hili tutalirudia baadaye.

Daftari la Unix

Sasa tuiache milima kwa muda, tulitazame daftari la aina nyingine, lililotungwa mbali na huku lakini ambalo ndilo lililomkataa karani wetu.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Ulikuwa mfumo wa kuwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na palipo na watumiaji kadhaa hapakosi daftari. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo kilitolewa Novemba 1971, na ndani yake daftari hilo limeelezwa. Ni faili la maandishi ya kawaida liitwalo *passwd*. Kila mtumiaji ana mstari wake mmoja, na mstari umegawanywa katika safu tano: jina la kuingilia, neno la siri, namba ya mtumiaji, mahali yanapowekwa mafaili yake, na programu ya kupokea amri zake. Safu hutenganishwa kwa nukta mbili, yaani alama hii ( : ), na mstari humalizika pale mstari mwingine unapoanzia. Baadaye safu zikawa saba, nasi tutaona kwamba mojawapo ya hizo mbili zilizoongezwa ina maana kubwa kwetu.

Msomaji akilielewa daftari hilo, ameelewa nusu ya kanuni zote. Jina haliwezi kuwa na nukta mbili ndani yake, kwa sababu mtambo ungedhani kwamba safu imekwisha. Haliwezi kuwa na alama ya mstari mpya, kwa sababu mtambo ungedhani kwamba mtu mwingine ameanza. Haya si mambo ya lugha wala ya sheria. Ni mambo ya mistari ya daftari, sawa na karani wa zamani aliyekuwa na kisanduku kidogo cha kuandikia jina, asiweze kuandika nje ya mistari yake.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mtambo wenyewe haumjui mtu kwa jina. Unamjua kwa namba. Jina huandikwa ili binadamu akumbuke; mtambo hulisoma, hutafuta namba iliyo mbele yake, kisha hufanya kazi na namba hiyo. Mwenye namba 0, ambaye kwa desturi huitwa *root*, yaani mzizi, hana mlango uliofungwa mbele yake. Utaratibu huo si mgeni kwetu siku hizi, kwani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoundwa mwaka 2008, humpa kila raia namba ya tarakimu 20, nayo namba hiyo ndiyo inayomtenga Mshana mmoja na mwingine.

Kanuni hizi zilipokuwa zikitungwa na kukomaa, sisi hatukuwamo katika mazungumzo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika wizara iliyosimamia fedha, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Marufuku hayo yalipolegezwa, mitambo ilikuja na kanuni zake zikiwa zimekwisha kukauka.

Kila kanuni na chanzo chake

Tukizichambua kanuni hizo moja moja, tutaona kwamba kila moja ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho ni kifaa fulani au faili fulani.

Kanuni ya kwanza ni ya herufi ndogo. Wataalamu wale wa kwanza walitumia mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta, na iliyoenea sana, Teletype namba 33, ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Basi Unix iliwekewa hekima ifuatayo: mtu akiandika jina lake lote kwa herufi kubwa, mtambo huamini kwamba mashine yake haina herufi ndogo, na tangu hapo humgeuzia kila herufi. Ikawa jina lenye herufi kubwa ni chanzo cha taabu, na maelezo ya toleo la saba, la mwaka 1979, yakasema wazi kwamba jina la kuingilia halina herufi kubwa. Mashine zile zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho, lakini desturi imebaki, na mifumo mingi hadi leo hudai jina lianze na herufi ndogo.

Kanuni ya pili ni ya urefu. Katika toleo hilo la saba, faili lililoonyesha ni nani aliyeingia na kwa mashine ipi liliacha nafasi nane tu za jina. Herufi ya tisa haikuwa na pa kukaa. Mifumo ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliongeza nafasi hizo hadi 32, lakini desturi ya majina ya herufi nane ilidumu kwa miaka mingi, kwa kuwa mitambo ya zamani na mipya ilihitaji kuelewana.

Kanuni ya tatu ni ya aina za herufi. Maandishi ya kompyuta za wakati ule yalitegemea orodha iitwayo ASCII, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, yenye alama 128 tu. Wataalamu walipokutana kuweka kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, zilizotolewa mwaka 1988 kwa jina la POSIX, walichagua sehemu ndogo zaidi ya orodha hiyo ambayo ingekubaliwa kila mahali. Katika kanuni hizo, jina linaloweza kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila taabu huundwa kwa herufi za *a* hadi *z*, kubwa na ndogo, tarakimu kumi, nukta, mstari wa chini na kistari; jumla yake ni alama 65. Ritifaa haimo. Sababu yake ni nyepesi: kwa programu inayopokea amri, ritifaa ni alama ya kufungua na kufunga maneno yanayonukuliwa. Ukiiandika moja katikati ya jina, mtambo hukaa ukingoja ya pili.

Kanuni ya nne ni ya alama ya mwanzo. Kistari hakiwezi kutangulia, kwa sababu katika amri za Unix neno lenye kistari mbele huchukuliwa kuwa ni sharti la amri, si jina la mtu. Tarakimu nazo huleta shaka. Kwa kuwa amri nyingi hukubali kutajiwa mtumiaji ama kwa jina ama kwa namba, mtu aitwaye "1945" angeweza kuchanganywa na mtu mwingine kabisa mwenye namba 1945.

Kanuni hii ya nne si mchezo. Mwaka 2017 iligundulika kwamba systemd, programu inayosimamia huduma za mitambo mingi ya Linux, ilikuwa na kasoro katika jambo hili. Msimamizi alipoagiza kwamba huduma fulani iendeshwe kwa jina la mtumiaji linaloanza na tarakimu, mathalani "0day", programu iliona kwamba jina hilo halikubaliki katika kanuni zake, ikaupuuza mstari mzima, kisha ikaiendesha huduma ile kwa uwezo wa *root*. Yaani mtu aliyekusudiwa kupewa ufunguo wa chumba kimoja alipewa funguo za nyumba nzima, kwa sababu tu herufi ya kwanza ya jina lake haikueleweka. Upungufu ulikuwa wazi: programu moja iliruhusu jina ambalo programu nyingine ililikataa, na hapakuwa na kanuni moja iliyozifunga zote mbili.

Majina yetu mbele ya kanuni hizo

Kwa jumla, Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji ilirithi na kuimarisha tahajia isiyo na alama juu wala chini ya herufi. Mfaransa na Mjerumani hupata taabu kubwa zaidi mbele ya orodha ya POSIX kuliko Mswahili. Lakini bahati hiyo ina tundu moja, nalo ni *ng'*. Tahajia yetu hutofautisha *ngoa*, yaani tamaa au wivu, na *ng'oa*, yaani kuondoa kitu pamoja na mizizi yake, kwa ritifaa peke yake. Ukiiondoa, umebadili neno. Katika majina ya watu, hasa ya Wasukuma ambayo huanza na *Ng'wana*, ritifaa hiyo si pambo. Ni sehemu ya tahajia.

Upare nako kuna taabu zake. Desturi ya ofisi nyingi ni kuunda jina la kuingilia kwa herufi ya kwanza ya jina la mtu ikifuatiwa na jina la ukoo. Mtu wa ukoo wa Mshana ambaye jina lake laanza na A ataitwa *amshana*, herufi saba, hakuna tatizo. Wa ukoo wa Mbwambo atakuwa *ambwambo*, herufi nane kamili. Lakini wa ukoo wa Mfinanga ambaye jina lake laanza na E atakuwa *emfinanga*, herufi tisa, na mfumo wenye nafasi nane ungelikata likawa *emfinang*. Hilo si jina la Chasu wala la Kiswahili; hata kulitamka ni shida, kwani maneno yetu ya asili humalizika kwa irabu.

Tena, kwa kuwa koo ni chache na watu ni wengi, katika shule moja ya Usangi au Gonja walimu watatu wanaweza kustahili jina lile lile la kuingilia. Daftari halikubali majina mawili yanayofanana. Hivyo wa kwanza atakuwa *amshana*, wa pili *amshana2*, na wa tatu *amshana3*. Hapo walimu wa rika na heshima moja hupewa namba za utangulizi na ufuasi zisizo na maana yoyote ila kwamba mmoja alifika dirishani kabla ya mwenzake.

Hata hivyo, haya yote yangekuwa madogo kama jina la kuingilia lingebaki mahali pake. Madhara huanza pale linapotoka nje ya mtambo. Karani mwingine akiombwa orodha ya watumishi, hunakili majina kutoka katika mtambo, na kutoka hapo jina lililokatwa au kunyang'anywa ritifaa huingia katika orodha ya mishahara, katika barua, na katika faili la mtu. Baada ya miaka ishirini, jina la daftari linakuwa na nguvu kuliko jina la mtu, na mwenye jina ndiye anayetakiwa kuapa.

Sasa tuirudie ile safu tuliyoiahidi. Kati ya safu saba za daftari la Unix, ya tano huitwa GECOS. Jina hilo ni masalio ya historia. Hapo mwanzo safu hiyo ilitumika katika maabara za Bell kuhifadhi maelezo yaliyohitajika ili kupeleka kazi katika mtambo mwingine uliotumia mfumo wa GECOS. Haja hiyo ilikwisha zamani, na safu ikageuzwa kuwa mahali pa kuandika jina kamili la mtu. Humo mtu huweza kuandika herufi kubwa, nafasi kati ya maneno, na ritifaa; kinachokatazwa ni nukta mbili na mstari mpya, na mkato hutumika kutenga jina na maelezo mengine. Kwa maneno mengine, daftari lenyewe halikusema kamwe kwamba jina la karani wetu halifai. Lina safu mbili: moja ya mtambo na moja ya mtu. Sisi ndio tuliomwomba aandike jina lake katika safu isiyo yake, kisha tukamwambia kwamba si halali.

Suala la istilahi

Hapa ndipo tunapofika kwenye wajibu wetu. Istilahi iliyoenea sasa, "jina la mtumiaji", imekwisha kukaa katika simu na kompyuta nyingi, na si nia ya makala haya kuipiga vita. Lakini hatuna budi kukiri udhaifu wake. Mswahili akisoma "Andika jina la mtumiaji", huelewa kwamba anayetumia mtambo aandike jina lake. Huandika jina lake kamili, kwa herufi kubwa panapostahili na kwa nafasi kati ya maneno, kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Amefanya sawasawa kabisa na maneno yalivyomwambia, na bado anaambiwa kwamba amekosea.

Tunapendekeza, angalau katika miongozo na mafunzo, litumike "jina la kuingilia". Umbo lake ni la kawaida katika Kiswahili, sawa na *wembe wa kunyolea* au *maji ya kunawia*: hutaja kazi ya kitu. Jina la kuingilia ni jina ambalo mtu huingilia nalo, kama vile ufunguo. Hakuna ataudhika akiambiwa kwamba ufunguo wake ni mfupi. Pamoja nalo litumike "namba ya mtumiaji" kwa ile namba ambayo mtambo huitambua, na "jina kamili" kwa safu ya tano.

La pili, na hili twaliona kuwa kubwa zaidi, ni neno "halali". Wafasiri hulitumia kila mahali ambapo Kiingereza husema kwamba kitu kimekidhi kanuni. Lakini katika Kiswahili halali ni mwenzi wa haramu. Twasema ndoa halali, mali halali, mtoto halali. Kumwambia mtu kwamba jina la babu yake si halali ni kutamka hukumu ambayo mtambo haukuikusudia na mfasiri hana mamlaka ya kuitoa. Panapohusika kanuni za umbo tu, inatosha kusema "halikubaliki", kisha kutaja sababu: "Jina la kuingilia halikubaliki: tumia herufi ndogo, tarakimu, kistari au mstari wa chini, lianze na herufi." Maneno yameongezeka, lakini msomaji ameelezwa anachotakiwa kufanya, wala hakushutumiwa.

Katika hili Same inatufundisha. Waliochagua neno *mbiru* walidhani kwamba neno ni chombo kitupu, hubeba chochote unachotia ndani. Kumbe neno huja na mizigo yake ya zamani, na wenye lugha huikagua mizigo hiyo kabla ya kukipokea kitu. Tofauti ya jambo lile na letu ni kubwa, nasi hatuthubutu kulinganisha kodi na kompyuta. Lakini kosa la mtunga istilahi ni lile lile. Neno "halali" lilipata maana yake misikitini, mahakamani na majumbani kabla halijaingia katika kompyuta, na maana hiyo haikubaki mlangoni.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanuni za majina ya kuingilia zilitokana na vyombo na mafaili: mashine isiyo na herufi ndogo, faili lenye nafasi nane, nukta mbili inayotenga safu, na amri zinazoanza na kistari. Baadhi ya vyombo hivyo vimetoweka na kanuni zimebaki. Nyingine zinalinda usalama wa kweli, kama mkasa wa mwaka 2017 ulivyoonyesha, na si busara kuzidharau. Mwalimu anayefundisha kanuni hizi azifundishe pamoja na sababu zake, maana kanuni isiyo na sababu hukaririwa leo na kusahauliwa kesho. Mtumishi anayeandikisha wenzake ajaze safu ya jina kamili kwanza, kwa tahajia ya vyeti, na orodha zote zinazotoka ofisini zichukue jina kutoka katika safu hiyo. Nasi wafasiri tuyapime maneno yetu kwa sikio la mtu atakayeyasoma akiwa amesimama mbele ya mtambo, jina lake likiwa mkononi.

Yule karani wa Same alipewa jina la kuingilia lisilo na ritifaa, nalo linafanya kazi. Katika safu ya tano jina lake limeandikwa kama babu yake alivyoitwa. Mwongozo nao umerekebishwa. Alipoonyeshwa mstari wake katika daftari aliusoma wote, tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka kidole juu ya safu ya tano, akasema: "Basi huyu ndiye mimi. Yule mwingine ni wa mlangoni tu."